Mzee wa Hodi Tatu

Ofisini kwetu alikuwapo mtu mmoja aliyeajiriwa kusoma vitisho. Kazi yake ilikuwa na jina refu kwenye barua ya ajira, Mfuatiliaji wa Tahadhari na Viwango, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila yeye mwenyewe, tena anapozungumza kwenye simu na watu asiowajua. Sisi tulimwita Mzee wa Hodi. Nimekaa naye meza kwa meza miaka saba, nimegombana naye karibu kila wiki, na nina jambo langu moja naye ambalo sikumwambia mtu mpaka mwaka huu. Nitalieleza likifika zamu yake. Kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Ofisi iko ghorofa ya pili ya nyumba kongwe huko Mkunazini, mjini Unguja, juu ya duka la vitambaa. Tunatunza kompyuta za watu: hoteli za pwani ya mashariki, skuli mbili tatu, wakata tiketi. Kutunza maana yake ni kuhakikisha zinafanya kazi na wezi wa mtandao hawaingii. Tulikuwa wanne. Bi Mkubwa ndiye mwenye kampuni. Haji ni fundi hodari ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo. Mimi ni Rahma, niliyepewa hoteli za Kiwengwa na Uroa. Wa nne ndiye yeye.

Asiyeijua kazi hii hudhani wezi wa mtandao ndio wanaochosha. Yanayochosha ni makaratasi. Kila siku serikali, yetu na za wenzetu, hutoa tahadhari: programu hii ina upenyo, kifaa kile kinaingilika, kuna barua pepe zinazunguka zina chambo ndani. Halafu kuna viwango, yaani vitabu vya masharti ya namna ya kulinda mitambo, navyo havitulii. Ukishamaliza kulizoea toleo moja, linatoka jingine. Lazima akae mtu azisome zote, atenge zinazotuhusu, kisha awaambie mafundi wafanye nini. Haji na mimi subira hiyo hatukuwa nayo. Yeye alikuwa nayo ya kuwagawia jirani.

Alipanga tahadhari kwa hodi. Hodi moja ilikuwa karatasi nyeupe: isome ukipata nafasi. Hodi mbili, karatasi ya manjano: ifanye leo. Hodi tatu ilikuwa nyekundu, na maana yake weka chai chini. Nyekundu hakuileta mezani kama nyingine. Aliinuka kwenye kiti chake, akatoka nje ya chumba, akasimama mlangoni hatua nne kutoka alipokuwa amekaa, akapiga hodi mara tatu kama aliyefika nyumba ya watu, na hakuingia mpaka akaribishwe. Mara ya kwanza Haji alinyamaza makusudi ili amjaribu. Mzee akapiga ya kwanza, akangoja. Ya pili, akangoja. Ya tatu, akangoja kidogo zaidi, kisha akageuka na karatasi yake akashuka ngazi, maana ndiyo adabu ya mgeni asiyeitikiwa. Haji alimkimbilia mpaka mlangoni pa duka la vitambaa.

"Mzee, si unatuona tumo ndani!"

"Nnakuoneni," alijibu. "Lakini mwenye nyumba akinyamaza, ana sababu zake."

Ukishapewa karatasi, kulikuwa na daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada jeusi, amelinunua mwenyewe sokoni Darajani kwa sababu yale ya ofisi hayakuwa na mistari ya kumridhisha. Alilichora nguzo kwa rula: tarehe, hodi ya ngapi, kaitwa nani, kaitikaje. Nguzo ya mwisho ilijazwa na fundi kwa mkono wake mwenyewe, na neno lilikuwa moja tu, Naam. Haji aliandika "sawa" akaambiwa afute; sawa, alisema Mzee, ni neno la mtu anayetaka uondoke. Aliandika "poa" na Mzee hakumsemesha mpaka alasiri.

Naam hiyo ilizua ugomvi mkubwa, na nauleta hapa kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka humo. Kwa Mzee, kuandika Naam kwenye daftari maana yake umekwenda, umefanya, umerudi. Haji akasema hiyo si lugha.

"Naam maana yake nimesikia," alisema. "Mama akiniita mimi naitika naam na mpira bado nnao mguuni."

"Na mamako akifanyaje?"

"Akinifuata na kandambili."

"Basi," Mzee akasema, akalifunga daftari. "Mimi kandambili sina. Nna daftari."

Alikuwa na tabia ya kutaka naam hata pale pasipo na kitu. Iliwahi kutoka tahadhari kali juu ya mtambo fulani wa kuendeshea mabwawa ya umeme. Bwawa la umeme Unguja liko wapi? Akatupigia hodi tatu. Tukamwambia hatuna. Akasema tuandike. Tukaandika: Naam, hatuna. Tangu siku ile ikawa ndiyo salamu ya ofisi. Ukimwuliza Haji kama ana chaji ya simu, Naam, hatuna. Hata mama muuza urojo pale chini barazani alishajifunza. Ukifika mchuzi umemalizika anakutazama usoni na kukujibu hivyo hivyo.

Kiingereza alikijua kuliko sisi sote, na hakukiamini hata kidogo. Kila tahadhari aliifasiri. Alisema fundi akisoma kwa Kiingereza anaona maneno, akisoma kwa Kiswahili anaona mlango wake mwenyewe uko wazi. Mdukuzi kwake alikuwa "mgeni asiyepiga hodi." Ninayo mpaka leo karatasi yake moja: "Upenyo upo kwenye programu ya kupokea wageni wa hoteli. Mgeni asiyepiga hodi anaweza kupitia uani, akajifanya ndiye mwenye nyumba. Kiraka kipo. Kiwekwe leo." Nilicheka nilipoisoma, lakini niliifanya siku ile ile, na za Kiingereza nilikuwa nikizilaza wiki.

Kiraka ndicho kilichomponza. Kwa mafundi kiraka ni kipande cha programu kinachoziba upenyo, na Mzee alisahau kwamba si kila mtu ni fundi. Hoteli moja ya Uroa aliwaandikia moja kwa moja: tafadhali wekeni kiraka kwenye kompyuta ya mapokezi kabla ya Ijumaa. Dada wa mapokezi, mtu makini kweli kweli, alijibu Naam kesho yake. Wiki ya pili nikaenda kukagua. Nikaikuta kompyuta imevishwa vazi la kitambaa cha buluu, limeshonwa kwa cherehani, na mbele yake kiraka cha kitenge chenye maua.

"Tumeitazama sana, hatukuona palipochanika," dada akanieleza. "Tukaona bora tuishonee nguo nzima, kiraka tukakiweka mbele kionekane."

Nilidhani Mzee ataona haya. Aliomba nimpakie kwenye vespa yangu mpaka Uroa, akalipapasa lile vazi, akaugeuza upindo, akasema, "Mshono mzuri huu." Kisha akakaa na yule dada saa nzima kumweleza kiraka cha aina ya pili. Vazi hakuliondoa. Tangu hapo karatasi zake zote za nje ziliandikwa "kiraka cha programu, wala si cha nguo," hata zile zilizokwenda kwa walimu wa kompyuta, nao wakawa wanapiga simu kuuliza kama tunawadharau.

Kwenye viwango ndipo nilipomheshimu. Toleo jipya likitoka, alilichapa lote, akaliweka kando ya lile la zamani, akateremka na rula mstari kwa mstari, huku na huku, siku tatu au nne. Sisi tulisoma ukurasa wa kwanza wenye muhtasari. Yeye alitafuta neno moja. Masharti mengine ya viwango yanasema "inapendekezwa," mengine yanasema "ni lazima," na mara nyingi mabadiliko yote makubwa ya toleo jipya ni sharti moja tu lililohama kutoka neno la kwanza kwenda la pili. Mzee aliyapa majina tunayoyaelewa. Alikuja asubuhi moja, macho mekundu kwa kusoma, akatangaza, "Kubadilisha neno la siri la rauta ilikuwa sunna. Kuanzia toleo hili ni faradhi." Akaharakisha kuongeza, "Huu mfano tu. Asije mtu kunisingizia nimezua dini."

Haji akauliza, kwa uso wa utulivu kabisa, kama viwango vina makruhu, yaani mambo yanayochukiza bila kuwa haramu. Alikusudia mzaha. Mzee alikwenda kufikiri, na kesho yake akaja na jedwali la masharti lenye nguzo ya makruhu, na la kwanza ndani yake lilikuwa kuchomeka flashi ya kuazima. La pili lilikuwa Haji kula biriani juu ya kibodi. Bi Mkubwa alilipenda lile jedwali akalibandika ukutani, na mafundi wa kampuni nyingine walikuja kulipiga picha.

Msifikiri alikuwa mtu wa kushika masharti yake mwenyewe. Kwao Makunduchi, alikokwenda kila Ijumaa jioni, mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli wala komeo; mbuzi ndiye aliyepigwa marufuku, na hata yeye aliingia. Simu yake ilikuwa kitochi cha vibonye kilichofungwa mpira, na hakuipokea. Aliyedai tuitike daima yeye mwenyewe hakuitika. Ukimlaumu anakwambia, "Anayenihitaji atapiga hodi."

Tena kulikuwa na habari ya makubadhi. Kiwango kilidai tubadilishe maneno ya siri kila baada ya muda, na tusiyaandike popote. Alituhubiria sharti hilo mpaka tukalikariri. Yeye hakuweza kulikariri neno lake. Akaliandika kwenye kikaratasi, akakitia chini ya ngozi ya kubadhi la mguu wa kushoto, na hakumwambia mtu. Ijumaa moja akarudi kutoka msikitini, akakaa mbele ya kompyuta, akainama kuvua kiatu, akakitazama. Kilikuwa kiatu cha rangi ile ile, lakini kifupi kuliko mguu wake kwa nusu inchi: amebadilishana na mtu mlangoni pa msikiti. Alibaki ameinama muda mrefu hata nikadhani amepatwa na kiuno.

Akainuka, akatoka nje mlangoni, akapiga hodi mara tatu. Tukamkaribisha. Karatasi nyekundu ilisomeka hivi: "Neno la siri la Mfuatiliaji wa Tahadhari linatembea mjini kwenye mguu wa kushoto wa mtu asiyejulikana." Akalibadilisha neno, akajiandikia Naam mwenyewe daftarini, akakaa. Haji alilia kwa kicheko mpaka akaenda kunawa uso. Ijumaa iliyofuata yule mtu wa pili alipatikana, fundi saa wa watu, naye akaomba radhi sana. Hakujua kwamba wiki nzima amekuwa akizikanyaga siri za hoteli sita.

Aliniudhi pia, niseme kweli. Alisahihisha tahajia za barua zangu kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Alisimama nyuma ya kiti changu akipumua. Nikichelewa dakika tano alitazama saa ya ukutani, hakusema kitu, na kule kutosema kulikuwa kunaniwasha kuliko matusi. Lakini nilipofiwa na baba ndiye aliyekuja matanga siku zote tatu, na siku ya tatu aliniletea orodha ya tahadhari zote zilizotoka nikiwa nyumbani, ameshazifanya yeye na Haji, zote zina Naam. Nilimpenda yule mzee. Kwa hiyo hili linalofuata ni zito kulisema.

Ilikuwa Alhamisi. Nilipigiwa hodi tatu, mimi kwa jina. Rauta za aina fulani, visanduku vile vinavyogawa intaneti, zilikuwa na upenyo ambao wezi walishaanza kuutumia. Sisi tulikuwa nayo moja, ya hoteli yangu ya Kiwengwa. Kiraka chake hakikuweza kuwekwa kwa mbali. Ilitakiwa mtu asimame pale, maana ikizimika isiwake, hoteli nzima inabaki gizani kimtandao. Na Alhamisi ile ndiyo siku aliyokuwa anatiwa hina dada yangu, harusi Ijumaa. Nyumba imejaa watu, mama amepiga simu mara nne, na wasusi wananingoja mimi.

Nikajiambia nitakwenda Jumamosi alfajiri. Siku moja na nusu itakuwa nini? Nikashika kalamu nikaandika Naam, ili nisiulizwe maswali. Mzee akalivuta daftari, akalitazama neno, akatazama saa ya ukutani. Tangu anipe karatasi haikufika saa moja. Kiwengwa huwezi kwenda na kurudi kwa muda ule hata ukiota mbawa.

"Naam?" akaniuliza.

"Naam," nikamjibu.

Akanitazama, na mimi nimeshashika mkoba. Akasema, "Haya, mwanangu. Mwambie dadako Mungu awajaalie kheri." Nikateremka ngazi mbio.

Jumamosi nilifika hoteli nikakuta wezi wamenitangulia. Daftari lote la wageni ndani ya kompyuta limefungwa, halifunguki, na kwenye kioo kuna barua yao ya ujeuri ya kudai pesa. Hakuna aliyejua nani yuko chumba gani wala anaondoka lini. Wahudumu walikuwa wanapita mlango kwa mlango na daftari la skuli: "Hodi, samahani, nyinyi ni nani?" Mzee mmoja wa Kitaliano alidhani ndiyo desturi ya Kiislamu ya asubuhi, akawa naye anawapigia hodi wenzake. Mabwana harusi wawili wageni, kila mmoja na mkewe, walipewa chumba kimoja, wakaonana na masanduku yao mlangoni. Leo naweza kucheka. Siku ile nilishika kibodi na hina bado imo viganjani. Tulichukua siku tisa kuwarudishia daftari lao, kisha hoteli ikatuacha.

Bi Mkubwa alituweka kitako. "Daftari linasemaje?" akauliza. "Nani aliyeitwa, nani hakwenda?"

Mzee alikuwa nalo mapajani, limefungwa, mikono yote miwili juu yake. "Daftari halina neno," akasema. "Kosa la hodi. Mimi ndiye niliyestahiki kulizuia jambo hili, na sikulizuia."

Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: sikwenda, Bi Mkubwa. Nilitazama vigae vya sakafuni, na sikuyasema. Haji, mdomo wake wote ule, naye alikuwa kimya, maana hakujua kitu.

Bi Mkubwa alinunua programu ya kuleta tahadhari moja kwa moja kwenye simu zetu, na Mzee akawekwa karibu na ngazi apokee wageni. Alipokea wageni miezi mitatu, akiwauliza kila mmoja kwa nini hakupiga hodi. Kisha akaomba ruhusa, akalivingirisha daftari lake ndani ya khanga kuukuu ya mkewe, akarudi Makunduchi moja kwa moja. Ile programu ilileta tahadhari kwa mamia, zote kwa mlio mmoja, za mabwawa ya umeme na zetu pamoja. Wiki ya pili Haji aliinyamazisha. Mwezi wa pili Bi Mkubwa akaniambia, Rahma, kazi ya kuzisoma ichukue wewe. Nikanunua karatasi nyeupe, za manjano na nyekundu. Siku ya kwanza ya nyekundu nilijikuta nimetoka nje mlangoni, napiga hodi.

Sasa mwaka huu. Kuna mteja mkubwa anayetaka kuja kwetu, na kabla hajaja anamleta mkaguzi wa viwango. Toleo jipya, nililolisoma mwenyewe kwa rula, limegeuza sunna moja kuwa faradhi: lazima kuwe na ushahidi wa miaka ya nyuma kwamba kila tahadhari iliitikiwa, na nani, na lini. Bi Mkubwa akakumbuka. "Daftari la Mzee," akasema. "Nenda kaliombe. Hilo tu ndilo linalotuokoa."

Nikaenda na vespa, na njia nzima nawaza ukurasa mmoja. Nikilileta, Bi Mkubwa atauona, na tarehe anaikumbuka. Nilishasikia jinsi alivyomfukuza mtu kwa uongo mdogo kuliko ule. Nisipolileta, mteja anakwenda, na Haji mkewe ana mimba ya saba.

Nyumba ilikuwa wazi kama siku zote. Mkewe alikuwa uani anaanika mwani, akaniambia kitu kwa Kimakunduchi nikaambulia nusu. Mzee nilimwona kupitia mlangoni, amekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai, mbele yake bibi mmoja jirani na simu mkononi.

"Hujanunua tiketi ya bahati nasibu," alikuwa anamwambia, "pikipiki utashindaje? Chambo hicho, futa." Bibi akafuta, akatoka, akanipita mlangoni.

"Hodi," nikasema.

Mzee akanywa chai. Nikapiga ya pili. Akanitazama machoni, akanyamaza. Nikapiga ya tatu, nikangoja, nikangoja kidogo zaidi, nikageuka nikaishika njia ya vespa.

"We Rahma! Wenda wapi?"

"Hodi tatu, mzee. Sikuitikiwa."

Akacheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. "Karibu, mwanangu, karibu. Nlitaka nione tu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo mjini? Haji ashamaliza kula juu ya kibodi?"

Nikakaa. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuzunguka, habari ya mkaguzi kwanza, toleo jipya, halafu polepole. Yalinitoka yote kinyumenyume. "Mzee, ile ya Kiwengwa sikwenda. Niliandika Naam na sikwenda. Ulibeba lawama yangu na nikakuacha uibebe. Na sasa wanalitaka daftari."

Akainuka. Akaingia ndani, akarudi na ile khanga, akaifungua. Ukurasa hakuutafuta, ulikuwa na alama, kipande cha ukindu. Ilikuwapo Naam yangu kwa wino, imeandikwa kwa haraka. Pembeni yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake mdogo, palikuwa na maneno mawili: Kaitika. Hajaja.

"Ulijua," nikasema.

"Saa si nnayo?" akasema. "Nlikuona hujaenda, nikaona haya kumuuliza mtu siku ya harusi ya dadake. Kwa hiyo sikumwongopea Bi Mkubwa. Lawama yangu nami ilikuwamo."

"Mbona penseli?"

"Hukuwa ushamaliza kuja."

Penseli yenyewe ilikuwa juu ya dirisha. Akaichukua, akailaza juu ya ukurasa, upande wa kifutio ukielekea kwangu. "Mkaguzi hakujui," akasema. "Yafute ukitaka. Mimi sitosema." Nikisema sikukitazama kile kifutio nitakuwa naongopa mara ya pili. Nilikitazama mpaka nikakijua. Kisha nikatoa simu, nikampigia Bi Mkubwa, nikaweka sauti kubwa ili Mzee naye asikie.

"Bi Mkubwa, ile hoteli ya Kiwengwa nilikuwa mimi. Niliitika na sikwenda. Limo daftarini, nakuletea leo."

Nikasikia kelele za Mkunazini nyuma yake. "Tutaonana mimi na wewe ofisini," akasema mwishowe. "Mzee yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Akaishika simu kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Bi Mkubwa akasema, "Mzee, nisamehe. Nilikuweka kwenye ngazi."

"Naam," akasema Mzee, akanirudishia.

"Hiyo naam ya kusikia," nikamuuliza, machozi yananitoka na kicheko pamoja, "au ya kufanya?"

"Nshafanya zamani," akasema.

Akaisukuma ile penseli pembeni, akachomoa kalamu ya wino mfukoni mwa kanzu, akaandika mbele ya yale maneno mawili, herufi kubwa zilizotulia: Kaja. Akatazama saa iliyotundikwa ukutani mwake, akaongeza: saa saba na robo.